Joto linaondoka, wadi zinabaki: Wiki mbili kwa shangazi, pwani ya kaskazini ya Oman

SHANGAZI yangu hafungui televisheni kwa ajili ya tamthilia. Huifungua jioni, baada ya sala ya Magharibi, kwa ajili ya dakika chache za utabiri wa hali ya hewa. Dakika hizo hakuna anayeruhusiwa kuzungumza, hata mjukuu. Zikiisha anaizima, anarudi kwenye kikombe chake cha kahawa na kutoa hukumu ya neno moja: "Hakuna." Siku nyingine husema: "Mlimani."

Nilikaa kwake wiki mbili, kuanzia siku za mwisho za Agosti. Anaishi Suwaiq, katika ukanda wa Al Batinah, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Maskati. Sikwenda kutembea tu. Baba alinituma. Wanawe shangazi, ambao wote wamehamia Maskati, walikuwa wamempigia simu kumwomba awasaidie: mama yao auze nyumba na shamba la mitende, akaishi nao mjini. Yeye hataki. Baba akaniambia, "Wewe anakupenda, nenda ukazungumze naye. Usimsukume. Kaa naye kwanza."

Basi nikakaa naye kwanza. Na katika kukaa huko nikajifunza kusoma utabiri wa hali ya hewa wa mwisho wa majira ya joto, maana kwake jambo la nyumba na jambo la utabiri ni jambo moja.

Ukanda kati ya mlima na bahari

Al Batinah ni ukanda wa tambarare unaoanzia karibu na Maskati na kwenda kaskazini-magharibi hadi mpaka wa Falme za Kiarabu. Upande mmoja kuna Bahari ya Oman, upande wa pili milima ya Hajar, ambayo kilele chake kirefu, Jabal Shams, kinafika karibu mita 3,000. Katikati ndipo watu walipo: Barka, Al Musannah, Suwaiq, Al Khaburah, Saham, Sohar, Shinas. Ukienda na barabara kuu, mitende iko mkono wako wa kulia upande wa bahari, na mkono wa kushoto milima inakufuata kama ukuta wa rangi ya majivu.

Kwa Mzanzibari pwani hii si ngeni kabisa. Ahmad bin Said, muasisi wa ukoo wa Busaid ambao watoto wake walikuja kutawala Zanzibar hadi Januari 1964, alikuwa liwali wa Sohar kabla hajawa mtawala wa Oman. Ukiingia dukani Suwaiq na ukamwambia mwenzako neno la Kiswahili, usishangae mzee aliyevaa kanzu na kofia akikujibu, "Karibu, mmefika lini?"

Shangazi mwenyewe alizaliwa Unguja. Alikuja hapa akiwa bibi harusi miaka ya 1970, wakati Waomani waliokuwa ng'ambo walipokuwa wakirudi nyumbani kwa wingi baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Mumewe alikuwa na shamba la mitende la urithi. Mzee alishatangulia mbele ya haki, shamba liko.

Joto lenyewe

Niseme wazi kwa anayepanga safari: mwisho wa Agosti si wakati wa kwenda Al Batinah ukitafuta raha ya pwani. Mchana joto hucheza kati ya nyuzi 35 na 40. Kwa hesabu hiyo unaweza kudhani umeshazoea. Lakini maji ya Bahari ya Oman wakati huo yana joto la zaidi ya nyuzi 30, na mvuke wake haukuachi. Usiku hakupoi, kunabaki fukuto. Miwani inaingia ukungu ukifungua mlango wa gari. Alfajiri kuta za nje zinatoa jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji.

Pwani hii ya kaskazini ina sifa ya usiku wa namna hiyo. Mji wa Quriyat, kusini-mashariki ya Maskati, ulipita usiku mmoja wa Juni 2018 ambao joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Si joto la mchana hilo. Ni la usiku, wakati watu wamelala.

Serikali huzuia kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Amri hiyo inaisha tarehe 31 Agosti. Joto halijui tarehe hiyo. Wiki ya kwanza ya Septemba niliwaona mafundi wa ujenzi wakiwa juu ya jengo saa saba mchana, vitambaa vimewafunika uso mzima isipokuwa macho.

Wenye uwezo hukimbilia Salalah, kusini kabisa, ambako msimu wa manyunyu unaoitwa khareef huendelea mpaka karibu na tarehe 21 Septemba na milima huwa kijani. Shangazi hajawahi kwenda. "Nitaacha tende zangu na nani?" anasema.

Nyota inayohesabu siku

Siku ya nne aliniamsha kabla ya alfajiri, tukapanda juu ya paa. Akanionyesha upande wa kusini, chini kabisa, karibu na pale mbingu zinapogusa mitende. Kulikuwa na nyota moja iliyong'aa, nyeupe. "Suhail," akasema. "Amekuja."

Waarabu wa Ghuba huingoja nyota hii kila mwaka. Wakati wa joto huwa imejificha nyuma ya jua. Siku za mwisho za Agosti inaanza kuonekana alfajiri, na hapo wazee husema mgongo wa joto umevunjika. Wavuvi huanza kuhesabu kumi kumi: kumi la kwanza, kumi la pili, hadi mwaka uishe. Kila kumi lina upepo wake na samaki wake.

Nikamwambia shangazi kwamba hesabu hiyo nimewahi kuisikia. Akacheka. "Bibi yako Makunduchi akihesabu miongo. Wewe ulikuwa hujazaliwa." Ni kweli. Wazee wetu wa pwani, kuanzia Siku ya Mwaka, ile inayosherehekewa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, waliugawa mwaka katika miongo ya siku kumi kumi, wakajua lini kupanda na lini kuliogopa tanga. Bahari ni moja, na hesabu ilisafiri na majahazi.

Hata upepo ni mmoja. Kusi linalovuma kwetu katikati ya mwaka haliishii Lamu. Likivuka ikweta linapinda, linapita baharini kwa nguvu mbele ya Oman na kwenda kunyesha India. Mwezi Septemba linaanza kuchoka, kwetu na kwao. Sisi tunashukuru kwamba bahari imetulia. Wao, hasa watu wa Al Batinah, wanashukuru nusu.

Lakini Suhail ana usemi mwingine, ambao shangazi aliusema kwanza kwa Kiarabu, kisha akanitafsiria: Suhail akichomoza, usiuamini mkondo wa wadi.

Mvua isiyokunyeshea

Wadi ni bonde la maji lililo kavu karibu mwaka mzima. Limejaa mawe na kokoto, mbuzi wanapita, vijana wanacheza mpira, barabara zinakatiza ndani yake. Nyumba ya shangazi iko hatua mia tatu hivi kutoka kwenye wadi moja. Kwa mtu wa Unguja ungeapa ni kiwanja.

Siku ya saba utabiri ulikuwa uleule wa karibu kila siku wakati huo: pwani anga safi kwa sehemu kubwa, uwezekano wa mawingu ya chini au ukungu usiku wa manane, na juu ya milima ya Hajar mawingu ya alasiri yanayoweza kuleta mvua ya radi. Mimi nilisikia "pwani anga safi". Shangazi alisikia "milima ya Hajar". Akasema, "Mlimani."

Kesho yake alasiri nilitaka kwenda dukani, ng'ambo ya wadi. Jua lilikuwa kali, juu yetu hakuna hata wingu. Ila upande wa milima kulikuwa na mawingu meupe yaliyosimama kama minara, chini yake weusi. Shangazi akachukua ufunguo wa gari mezani, akautia mfukoni. "Utakwenda baada ya Magharibi. Au kesho."

Baada ya saa mbili hivi tulisikia mngurumo, kama lori linapakua kokoto. Tukatoka. Wadi ilikuwa inashuka. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanatanda kutoka ukingo hadi ukingo, yamebeba matawi, mapipa na tairi la gari. Na jua bado linatuwakia kichwani. Hakuna aliyelowa hata tone.

"Umeona?" akasema. "Huku mvua si lazima ikunyeshee, mwanangu. Hukufuata."

Maelezo yake ni mepesi. Mchana upepo wa bahari hubeba mvuke hadi milimani. Miamba iliyochemka kwa jua huusukuma juu, ukawa mawingu, na mawingu yakamwagika. Mlima ni jiwe tupu, hakuna udongo wa kunywa maji. Yote yanateremka. Kwa hiyo sentensi ya mlimani katika utabiri ni ya watu wa pwani.

Na usidhani wanaichukia. Nusu ya kijiji ilitoka kuangalia, wengine wanapiga picha, wazee wanamshukuru Mungu. Visima vya Al Batinah vimevutwa maji kwa miaka mingi hadi maji ya bahari yameanza kuingia ardhini, na mashamba ya karibu na ufukwe yanakunywa chumvi. Maji ya wadi ndiyo yanayorudisha utamu wa visima. Yanayotisha na yanayolisha ni maji hayohayo.

Usiku wa Shaheen

Ukutani kwa shangazi, sebuleni, kuna mstari wa rangi ya kahawia unaonifika kiunoni. Nyumba nzima imepakwa rangi upya, mstari ameuacha.

Vimbunga vya Bahari ya Arabu vina misimu miwili: Mei na Juni kabla ya kusi kushika nguvu, kisha Oktoba na Novemba likishaondoka. Katikati, kusi lenyewe huvikatakata kabla havijajijenga. Ndiyo maana mwisho wa majira ya joto si mwisho wa mambo. Ni mlango kufunguliwa. Na hata hivyo, kwa miaka mingi watu wa Al Batinah waliamini kwamba vimbunga ni vya Dhofar huko kusini. Gonu cha Juni 2007, kilichoua watu wapatao 50 nchini, kiliumiza zaidi upande wa Maskati na Sur. Ilikuwa tangu mwaka 1890 kimbunga hakijaingia nchi kavu upande huu.

Mwishoni mwa Septemba 2021 kimbunga kilichoitwa Gulab kilipiga mashariki ya India. Mabaki yake yakakatiza bara zima la India, yakatokea Bahari ya Arabu, yakapata maji ya moto, yakafufuka na jina jipya: Shaheen. Jumapili, Oktoba 3, kikaingia Al Batinah, kati ya Al Musannah na Suwaiq. Al Khaburah ilipata mvua ya milimita 369 kwa muda wa siku moja hivi, mahali ambapo milimita 100 ni mvua ya mwaka.

Onyo lilitolewa mapema. Siku mbili za mapumziko zilitangazwa, vituo vya kuhifadhi watu vikafunguliwa, watu wa karibu na bahari wakaambiwa wahame. Shangazi aliambiwa. Hakuhama.

"Nilikuwa naangalia baharini," aliniambia. "Nikasema, mawimbi hayawezi kunifika hapa. Sikuangalia nyuma yangu." Maji yalikuja kutoka nyuma, kutoka mlimani, usiku, umeme umekatika. Vijana wa jirani walivunja dirisha la jikoni wakambeba hadi ngazi ya kwenda juu ya paa. Alikaa hapo hadi alfajiri, amekumbatia mkoba wenye hati za nyumba na picha ya marehemu.

Watu zaidi ya kumi walikufa Oman kwa kimbunga hicho. Wiki ile watu wa kujitolea walitoka kila pembe ya nchi wakiwa na majembe na ndoo, wakaingia nyumba za watu wasiowajua na kuchota matope. Shangazi anasema alimpikia chai kijana kutoka Salalah ambaye hata jina hakuuliza. "Niliona haya kumuuliza. Alikuwa anafua mazulia yangu."

Ukiwa na mtu wako huko

Familia nyingi za kwetu zina mtu Oman, awe ndugu au binti aliyekwenda kufanya kazi. Haya ndiyo niliyojifunza kwa shangazi, na yanaweza kukusaidia unapoongea nao simu wakati huu wa mwaka.

Kwanza, usiulize joto tu. Uliza utabiri unasemaje kuhusu mlimani, na nyumba wanayokaa iko umbali gani na wadi.

Pili, gari lisiingie kwenye wadi yenye maji hata kama maji yanaonekana ya kifundo cha mguu. Mkondo unasukuma gari kubwa, na sheria ya Oman inamwadhibu dereva anayeingia kwa makusudi.

Tatu, kuanzia mwisho wa Septemba fuatilia taarifa za bahari pia. Kimbunga kinachopiga India leo usikihesabu kuwa kimekwisha.

Nne, hati zote ziwe katika mfuko mmoja usiopitisha maji, pahali panapofikika gizani. Mwenye kazi za ndani awe na nakala ya pasipoti yake na namba ya mtu wa nje ya nyumba ile.

Tano, akiambiwa hama, ahame. Kurudi na kukuta nyumba kavu si aibu.

Uamuzi

Ijumaa ya mwisho binamu zangu walikuja kutoka Maskati na watoto wao. Tukala wali na samaki, tukala tende mbivu za mwisho wa msimu. Nikaona wakati umefika. Nikaanza, "Shangazi, baba amenituma..."

"Najua alichokutuma," akanikatiza. "Tangu siku uliyoshuka kwenye gari. Nilikuwa nangoja uone wadi kwanza."

Kisha akasema yake. Hauzi. Shamba hilo mumewe alizikwa akiwa na wasiwasi nalo, na wajukuu watakula tende zake. Lakini mstari ule ukutani hakuuacha kwa ajili ya wageni. Kila jioni anauangalia. Kwa hiyo ameamua hivi: tende zikishavunwa, kusi likishakata, kabla ya Oktoba kuingia atafunga nyumba na kwenda kwa bintiye Maskati. Atakaa huko Oktoba na Novemba. Kaskazi likituliza mambo, Desemba, anarudi. Mei na Juni, wakati wa mlango wa kwanza, mwanawe wa kiume atakuja kulala Suwaiq, na siku onyo likitoka anamchukua mama bila mjadala.

"Wazee wetu walikwenda Unguja na kaskazi wakarudi na kusi," akasema. "Hakuna aliyewaambia wameshindwa. Mimi nashindwa nini kwenda Maskati?"

Binamu zangu walitazamana. Hawakupata walichotaka, wala yeye hakupata chote alichotaka. Mkubwa wao akainuka akambusu mama yake kichwani, na maneno yakaishia hapo.

Nilimpigia baba usiku ule. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Na huku kwetu je, nani anaangalia?" Akanikumbusha kwamba Zanzibar ilipigwa na kimbunga Aprili 1872 kikaangusha mikarafuu, na kwamba Mei 2024 Hidaya alibisha hodi Mafia. Nyumba yake iko bondeni. Nilipofika Unguja nilimkuta ameshahamisha hati zake kutoka sanduku la chini kwenda kabati la juu.

Siku ya mwisho ya Septemba shangazi alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake zilisikika kelele za watoto. "Nimefika kwa dada yako. Nyumba nimefunga, ufunguo mmoja nimempa jirani. Mlimani hakuna. Baharini hakuna. Kahawa yao nyepesi, lakini nitavumilia."